Nusu ya Juu, Nusu ya Chini

Kwenye stoo ya vipuri tulikuwa makarani wawili, mimi na wifi yangu. Kila asubuhi gereji hutuma namba za vipuri wanavyotaka, nasi tunatafuta kila namba iko rafu gani. Makro, yaani programu ndogo ya kutafuta tuliyoikuta kwenye kompyuta, ilisoma jedwali mstari kwa mstari, ikifika katikati mashine inaganda. Ndiyo maana tuligawana: mimi nusu ya juu, yeye nusu ya chini, kila mtu na kompyuta yake.

Mikataba ilikuwa inaisha, na meneja alishasema waziwazi kwamba wanaochelewesha orodha hawaongezewi. Wifi analea watoto peke yake. Wangu wako shule. Sikuona faida ya kukaa tunalalamika.

Nikaiandika makro upya. Badala ya kupita mstari mmoja mmoja, iliweka fomula ya kutafuta kwenye safu nzima kwa pigo moja, kisha ikafuta fomula na kubakiza majibu tu. Nilipobonyeza nilidhani imegoma, kumbe imemaliza.

"Wifi, njoo uone."

Akatazama. "Na nusu yangu?"

"Imo humo humo."

"Makubwa. Kwa hiyo mimi nitakuwa nakuja kukutazama unavyonenepa?"

Tulicheka mpaka vijana wa stoo wakachungulia.

Meneja nilimwita mwenyewe, kwa miguu yangu. Nikamweleza kila kitu, hata kwamba namba isiyokuwepo inaandikiwa "haipo" bila mtu kuigusa. Akabonyeza mara mbili, kama mtoto aliyeona lifti.

"Mama, wewe ni kichwa." Kisha akageukia meza ya pili. "Sasa huyu dada anafanya nini?"

"Anahakiki."

"Anahakiki nini? Si umesema inajihakiki yenyewe?"

"Basi tugawane siku. Mimi leo, yeye kesho."

"Hii ni ofisi, mama, si kikao cha ukoo."

Wifi alikuwa bado anaangalia skrini.

Ulikuja mkataba mmoja, wangu. Nyumbani mume wangu hakugusa chakula.

"Umemfukuzisha dada yangu kwa kitufe."

"Tungechelewa tena, tungefukuzwa wote."

"Heri mngefukuzwa wote."

"Na ada ungelipa wewe?"

Nilisaini kesho yake, na ningesaini tena.

Ijumaa wifi alikuja kuchukua kikombe chake na mto wa kiti. Nikamwambia nitaongea na watu wa gereji, pengine wanahitaji karani.

"Usihangaike. Ukifika na huko utawasaidia kazi, halafu itakuwaje?"

Alisema akitabasamu, kwa sababu vijana wa stoo walikuwa wanasikiliza. Miaka yote ameniita wifi, hata siku tulizonuniana. Mlangoni aligeuka.

"Haya, karani. Kazi njema."