Nani Asalimu Kwanza

Adongo alikuwa na tabia moja iliyomuudhi kila aliyewahi kumpigia simu. Akishapokea, hasemi. Anaiweka sikioni, ananyamaza, anangoja aliyepiga ajitambulishe. Wakora wa simu ndio waliomharibu hivyo, na sasa hata mama yake mzazi ilibidi aseme "ni mimi" ndipo ajibiwe. Wiki hiyo namba asiyoijua ilikuwa imempigia mara tatu. Mara zote tatu alinyamaza, huko ng'ambo nako wakanyamaza, kisha simu ikakatwa. Wakora tu hao, alijisemea, akarudi kwenye kazi yake.

Na kazi yenyewe ilikuwa imemfika shingoni. Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, alikuwa chumbani kwake Manyatta, Kisumu, kompyuta mezani, chai imepoa hadi ikafanya utando. Wakati huohuo, Port Victoria, kina mama wauza samaki walikuwa wanakusanyika mbele ya chumba chao cha baridi. Mwezi wa Januari mtambo wa chumba hicho ulizima Jumamosi, hakuna aliyejua hadi Jumatatu, na samaki wao wote wa mbuta wakatupwa. Ndipo Adongo akawaahidi programu ya kupokea joto la chumba kila dakika, ili likipanda, simu ya kikundi ilie. Mwenzake Walubengo, fundi wa vifaa, akatengeneza kisanduku cha kupima joto hilo na kulituma Kisumu.

Walipojaribu mara ya kwanza mbele ya kina mama, kisanduku kiligoma. Leo, Walubengo akiwa huko nacho, ilikuwa mara ya pili, na mwenyekiti, Mama Nabututu, alishatangaza kwamba ya tatu haipo. Mkutano ukifungwa kabla kisanduku hakijasema kitu, kinang'olewa ukutani.

Adongo alikuwa ameacha kazi ya ofisini kwa ajili ya hicho kisanduku. Kazi ya ofisini ilikuwa kuchomoa karatasi zilizokwama kwenye printa, miaka miwili mizima, na hakutaka kurudi. Alitaka, angalau mara moja maishani, kitu alichokiandika mwenyewe kisimame mbele za watu na kifanye kazi.

Simu ikaita. Walubengo. Adongo akapokea, akanyamaza. Walubengo naye akanyamaza. Hao wawili siku zote walianza hivyo, mpaka mmoja akohoe.

"Uko?" Adongo akauliza hatimaye.

"Niko. Nimewasha kitu. Imekufikia?"

Adongo akatazama skrini. Programu yake ilikuwa imefungua soketi, yaani mlango wa mtandao, ikaupa namba, ikaketi kusikiliza. Kisanduku kilikuwa kimebisha, kimefunguliwa, kimeingia. Skrini ilisema wazi kwamba viwili hivyo vimeunganishwa. Baada ya hapo, hakuna kitu. Si joto, si kosa, si hata herufi moja.

"Imeingia, lakini haisemi. Si itume basi?"

"Inangoja."

"Inangoja nini, Walubengo?"

"Sijui, pengine network. Wacha nikate, Mama Maximilla ameanza maombi ya kufungua mkutano, akimaliza ni sisi."

Muulize yeyote anayeandika programu: kosa linalopiga kelele ni rafiki. Linalotesa ni hili lisilosema chochote. Adongo alifunga soketi, akaifungua upya. Akabadilisha namba ya mlango. Akakagua ulinzi wa mtandao, akaukuta hauna neno. Kila mara kisanduku kilibisha, kikaingia, kikakaa kimya.

Na uchungu ni kwamba kwenye majaribio ya nyumbani kila kitu kilifanya kazi! Adongo alikuwa ameandika kisanduku cha bandia cha kujaribia, nacho kikaingia, kikataja jina lake, kikapokelewa, kikatoa joto lake vizuri. Walubengo naye kwake alikijaribu kisanduku kwa programu ya bandia aliyoiandika mwenyewe. Kila mmoja alijisahihishia mtihani wake, akajipa alama zote. Makubaliano yao yalikuwa mstari mmoja tu kwenye WhatsApp: vikishaunganishwa visalimiane, kisha joto lifuate.

Simu ikaita tena. Walubengo. Adongo akapokea, akanyamaza. Upande wa pili, kimya. Lakini laini ilikuwa safi kabisa. Jogoo aliwika Port Victoria, na sauti ya Mama Maximilla ilikuwa ikipanda na kushuka katika maombi. Sekunde kumi zikapita. Ndipo Adongo akahisi kicheko kikimpanda kutoka tumboni.

"Walubengo! Wewe ndiye umepiga. Mbona huongei?"

"Niongee aje na mimi ndiye niko kwa mlango?" Walubengo alinong'ona. "Nyanya yangu alitufunza, mgeni hafungui mdomo mpaka aambiwe karibu."

"Na hicho kisanduku umekifunza hivyo hivyo?"

Walubengo akashtuka kama mtu aliyekalia msumari.

"Woi," akasema. "Kinangoja useme karibu."

"Na programu yangu inangoja kiseme jina! Yawa! Asubuhi yote zimekaa hapo zikiangaliana, kila moja na heshima zake!"

Walicheka hadi Walubengo akaziba mdomo kwa kofia.

"Mama Maximilla amefika wapi?" Adongo akauliza.

"Anaombea wavuvi. Bado wagonjwa na serikali."

"Mungu ambariki. Asiharakishe. Na usikate simu."

Uliohitajika ulikuwa mstari mmoja tu: mlango ukifunguliwa, kabla ya kusikiliza, sema KARIBU. Aliuandika haraka hata akasahau nukta-mkato, programu ikakataa, akaiweka, akafungua soketi. Kisanduku kikabisha. KARIBU, ikasema programu. Na papo hapo, kama mtu aliyebanwa na habari tangu alfajiri, kisanduku kikamwaga yote: CHUMBA CHA BARIDI PORT VICTORIA, NYUZI 3.8.

Adongo aliruka, kiti kikaanguka, fundi wa mageti wa jirani akauliza kama kuna nyoka.

Kwenye simu, kina mama walisema amina. Walubengo akatangaza namba. Mama Nabututu, ambaye haridhishwi na namba, akaamuru mlango wa chumba uachwe wazi. Kisumu, Adongo akatazama joto likipanda: nne, tano na nusu, saba. Lilipogusa nane, alisikia simu ya kikundi ikilia huko ng'ambo, kisha mtu akasoma ujumbe kwa sauti: "Mama, chumba kinapata joto. Angalia mlango." Vigelegele vilivyofuata vilimlazimu kuisogeza simu mbali na sikio. Aliisogeza, akalia kwa furaha bila kujificha.

Alipomaliza kuagana na Walubengo, simu ikaita tena. Ile namba ya mara tatu. Adongo akapokea, akaanza kunyamaza kama kawaida yake, halafu akajishika.

"Karibu," akasema.

"Hee! Kumbe unajua kuongea!" Ilikuwa sauti nzito ya mama. "Mimi ni Nabututu, hii ni namba yangu, si ile ya kikundi. Mara tatu nimekupigia nikuulize hii kitu inafanya aje, unapokea, unaninyamazia. Nikasema huyu msichana ana madharau, leo atarudishiwa sanduku yake. Bisibisi nilikuja nayo kwa mkoba."

Adongo alikosa la kusema.

"Umeanza tena," Mama Nabututu akasema, akacheka. "Sanduku inabaki. Na wewe ukuje Jumamosi ukule samaki. Ukifika kwa mlango usisimame hapo kama Walubengo. Ingia."