Herufi Isiyo na Mwenzake

Hasira zangu ziko karibu, na Atupakisye alizijua njia zote za kuzifikia. Darasa zima la sita lilishaelewa kurahisisha aljebra. Yeye peke yake ndiye aliyeng'ang'ania kosa lilelile. Nikiandika ubaoni 5a + b + 2a, alizikusanya zile a vizuri, akaandika 7a, akaweka chaki chini. Ile b hakuigusa.

Nikajaribu kwa mazao ya kwao. Ndizi tano, parachichi moja, ndizi mbili: una nini na nini? Akajibu ndizi saba. Nikamuuliza parachichi limekwenda wapi, na sauti yangu ilikuwa imeshapanda.

"Halina mwenzake, Mwalimu," akasema. "Limeachwa."

Darasa likacheka. Nikamwambia kwenye hesabu hakuna kuachwa: zinazofanana hukusanywa, na isiyofanana na nyingine huandikwa vilevile ilivyo, mpaka kwenye jibu. Akauliza, hata ikiwa peke yake? Nikasema hata ikiwa peke yake, nikagonga ubao kwa chaki mpaka ikakatika.

Wiki ileile baba yake wa kambo, Simon, alikuja shuleni pamoja na mkewe Elina. Kiwanda cha chai kilikuwa kimepata mmiliki mpya, na Simon alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa kazi. Siku zile biashara zilikuwa zimefunguliwa kwa watu binafsi, kila mtu anajaribu bahati yake, naye alikwishapata kibanda cha mitumba huko mjini Kiwira. Alitaka uhamisho wa wanawe wawili, Yohane na mdogo wake. Nikangoja amtaje wa tatu. Hakumtaja.

Nikamuuliza, Atupakisye je? Akanijibu bila ubaya wowote, kama anayenieleza hali ya barabara, kwamba chumba walichopata ni kimoja, na yule binti alikuja na mama yake. Atakaa kwa bibi yake, kijijini Kisondela. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, najua, lakini huyu alikuwa anaichana ngozi yenyewe.

Kule kwenye nyumba za kiwanda wote walimwita Elina Mama Yohane. Mimi nikamgeukia, nikamwita kwa mzaliwa wake wa kwanza.

"Mama Atupakisye, na wewe unasemaje?"

Akashtuka. Nadhani alikuwa na miaka hajaitwa hivyo. Akainama, akatazama sakafu.

"Ndaga, Mwalimu," akasema taratibu. Ndiyo asante ya Kinyakyusa, na sijui alinishukuru kwa lipi. "Nikikataa, ataondoka na wadogo. Sasa hao nao nimwachie nani?"

Nikavuta fomu za uhamisho, nikaandika majina mawili.

Siku ya kuondoka, pikapu ilipita mbele ya shule, mvua ikinyesha kama kawaida yake. Nilimruhusu Atupakisye atoke akawaage. Wadogo zake walimpungia mikono kutoka chini ya turubai. Mama yake alikaa mbele na dereva, kitenge kimemfunika mpaka usoni, wala hakugeuka. Mtoto alisimama pale barabarani hata gari lilipokwisha kupotelea kwenye ukungu. Nilimchukia Elina siku ile, kisha nikamhurumia, kisha nikamchukia tena.

Kesho yake Atupakisye alifika kwa miguu kutoka Kisondela, sketi imelowa mpaka magotini. Nilikuwa nimeandika ubaoni 6a + b + 3a, nikamwita bila kufikiri. Akaandika 9a. Akasita kidogo. Halafu akaongeza + b, kwa mwandiko mkubwa kuliko wa zile nyingine. Nikamwambia amepata. Siku nyingine ningefurahi.

Hakurudi kukaa.

"Mwalimu," akauliza, "hiyo b mwishowe huwa inajulikana ni ngapi?"

"Hujulikana," nikamwambia. "Lakini si kwenye swali hili."

Akaitikia kwa kichwa, akajifuta chaki kwenye sketi iliyolowa, akarudi kwenye dawati lake.