Wimbo wa Madame Claudine

Virginie alifungua bomba la kisima, akangoja, akalifunga tena. Alijua halitatoa kitu. Lilikuwa kavu tangu Pasaka, lakini mama wa mtaa ule, nyuma kidogo ya Bel-Air, bado walipita hapo kila asubuhi kulijaribu. Juu ya uzio, bango lenye sura ya Madame Claudine, tajiri aliyewachimbia kisima hicho, lilikuwa linang'aa vilevile. Pampu ilikufa, bango likabaki zima.

Leo hakuwa na muda wa kulitazama. Binti yake Chancelvie alikuwa ameanza uchungu, na mkunga wa kituo cha afya alishasema wazi: anayekuja kuzaa aje na bidoni zake mbili za maji safi. Kituo ni cha Serikali, maji ujiletee! Maji ya shimo la jirani yalikuwa yanawaharisha watoto, hayakufaa kumwoshea mzazi. Virginie alimwacha binti yake kwa jirani, Mama Abigaïl, akabeba bidoni tupu hadi ofisi ya maji ya Serikali.

Uani pale bomba lilikuwa wazi, linamwagilia maua. Bwana Anaclet, mkuu wa ofisi, alikuwa kivulini.

"Bwana Anaclet, mutoto yangu anazala leo. Munipatie tu bidoni mbili."

"Mama Virginie, nikikupatia weye, kesho mtaa yote iko hapa. Na tena mweye muko na forage, kisima ya Madame."

"Ilishakufa."

"Basi muende kwa Madame."

"Tulienda. Banasema balishatupatia, sasa ni yetu, tuitengeneze shiye beenyewe." Virginie aliweka bidoni chini. "Na bomba ya Serikali? Mulileta mpaka matuyo mapya ya kupitisha maji, yakalala pale pa barabara. Yalienda wapi?"

Anaclet alitoa simu yake, akatafuta kitu, akamgeuzia kioo.

Virginie alijiona. Amevaa kitenge chenye sura ya Madame, filimbi shingoni, mama wenzake wanacheza nyuma yake. Ilikuwa sherehe ya kufungua kisima, mwaka juzi.

Wazazi wake walitoka Kasai, na bibi yake aliimba kasala, zile nyimbo za kumsifu mtu kwa majina na ukoo wake. Bibi alimfundisha kwamba mtoaji hasifiwi peke yake: unamwinua yeye huku unamshusha mwingine, ndipo roho yake inafurahi. Siku ile Virginie alitafuta wa kumshusha, akaona Serikali. Nani angelalamika?

Kwenye simu sauti yake ilikuwa kali na nzuri: "Serikali, kamata bomba yako, peleka ku bengine! Shiye tuko na mama!"

"Ku réunion, kikao yetu ya kazi, tuliangalia hii," Anaclet alisema. "Bakubwa bakasema, kama bale bantu beenyewe banakataa, matuyo iende kwingine. Sauti ya nani hii, mama?"

Uso wa Virginie uliwaka kwa aibu. Kisha hasira ikaja, ikaifukuza aibu. Kumbe! Watu wazima, wenye diploma zao ukutani, walisikia wimbo wa sherehe wakauita uamuzi wa mtaa. Na mama wa mtaa walipokuja kulia katika ofisi hii hii, hakuna aliyeinua simu kuwarekodi.

Simu yake mwenyewe ikalia. Ni Mama Abigaïl.

"Rudi mbio! Kamyo ya maji iko hapa, ya Madame. Banasema hakuna kugawanya mpaka weye uimbe."

Anaclet naye alikuwa amealikwa. Alivaa koti, akampita njiani na gari, akamwachia vumbi.

Lori lilikuwa limesimama chini ya bango. Mama wamepanga mstari, vitenge vya Madame vimepauka kwa kufuliwa. Madame mwenyewe hakuja, alituma kijana wa kamera aje kurekodi wimbo. Anaclet alikaa kwenye kiti cha mbele. Chancelvie alikuwa ameketi kwenye kigoda, jasho linamtoka, mkono wake umeng'ang'ania nguo ya Mama Abigaïl.

"Anzisha, mama," kijana alisema. "Ile ya siku ile."

"Kwanza mujaze hizi mbili. Ni za muzazi."

Kijana alimpiga picha Chancelvie na tumbo lake, akamkubalia. Maji yakaingia. Virginie alimpa Mama Abigaïl bidoni moja na jirani mwingine ya pili, akamwona binti yake akiinuka polepole na kuondoka nao kwenda kituoni. Alingoja mpaka wakakata kona. Kisha akapuliza filimbi.

Sauti ilikuwa ile ile. "Serikali, bomba yetu iko wapi?"

Kila mama aliangalia bidoni yake tupu, kisha mpira wa maji. Kiitikio walichokijua wote kilikuwa cha wimbo ule mwingine. Halafu bibi mmoja mwisho wa mstari akaitikia:

"Irudishe!"

"Bomba yetu iko wapi?"

"Irudishe!" Sasa walikuwa wengi.

Kijana alimwangalia Anaclet. Anaclet alitikisa kichwa, na dereva akaanza kukunja mpira wa maji.

"Mama Virginie! Apana hii! Imba ile ingine!"

"Ile ingine iko mu telefone yako, Bwana Anaclet. Hii ndiyo hauna. Irekodi."

Anaclet aliiacha simu mfukoni. Kijana alikuwa ameshazima kamera, anakunja stendi yake. Lori liliondoka na maji yake, na mama walilisindikiza mpaka barabarani, wanaimba, wanapiga bidoni tupu.