Mashimo Mawili

...na sasa Wally ameing'ang'ania hiyo taa ya baiskeli yake, anaibonyeza, anaitikisa, anaielekeza tena ndani ya handaki, mimi nimesimama juani nyuma yake na baiskeli katikati ya miguu, nyonga ya kushoto inawaka moto kwa sababu ya lile shimo la pili, shimo pana kama beseni, yeye kalipita kimya, mkono haukuondoka kwenye usukani hata kidogo... "Imekufa hii, Polly," anasema, acha ife... maana klabu yetu ya baiskeli ya Castlegar ina kanuni moja tu, wa mbele anashusha mkono na kumwonyesha wa nyuma shimo, kwa kuwa wa nyuma haoni kitu ila mgongo na tairi, ukikosa kuonyesha mara mbili unarudi nyuma, hakuna mjadala, na aliyekuwa mkali wa kanuni hiyo ni huyuhuyu mume wangu, alimrudisha nyuma hata kaka yake wa kuzaliwa, mbele ya shemeji zake, wakanuniana mpaka theluji ikaanguka, leo mimi nimetumbukia mara mbili na yeye kimya, ananilipizia ya jana, najua, pale mezani nilipomwambia nyumba ya wageni inakodisha baiskeli za betri, akanijibu pyrahi, kile kiandazi cha kabichi, iko mdomoni, "Za betri ni za wazee, bibi wewe, mimi miguu ninayo," kana kwamba kuna mtu aliyeitaja miguu... "Ulibonyeza ukashikilia?" namwuliza. "Nimebonyeza." "Ushikilie." "Nimeshikilia, Polly, unataka niishikilie mpaka Krismasi?" haya, mzee, shikilia, mlima huu hauna haraka, treni zenyewe zilipanda hapa polepole, kabla reli haijang'olewa ikawa njia ya baiskeli, ndiyo maana siku ya reli ni siku ya kupumzika, changarawe laini, mwinuko mdogo, mnapiga soga, ila mimi soga yangu leo ni mgongo wa mtu aliyenuna, na kesho ni lami, ule mteremko mrefu mpaka ziwani, malori ya magogo yanakupita karibu mpaka unasikia harufu ya maganda ya miti, na atatangulia yeye kama kawaida, atajiinamia kwenye usukani kama kijana na mimi nitamfuata huku nimekaza breki na meno, likizo gani hii, nimechoka, nimechoka kuitazama jezi yake, na asubuhi ameniaibisha, kikombe cha kahawa mkononi, anamimina, kidole kimo ndani ya kikombe, mwenye nyumba anatutazama, nikamchapa kofi mkononi, una wazimu, kidole kwenye kahawa, akacheka, "Napima joto," eti joto... kuna mtu anatoka handakini, tairi zinasaga changarawe, msichana mwenye matope mpaka shingoni, "Mzee, samahani, geuza hiyo taa, inanichoma macho," Wally anaduwaa, "Kwani inawaka?" "Inawaka sana tu, nimeiona tangu nilipokuwa katikati huko," anatupita, anakwenda zake, Wally anacheka kidogo, hanigeukii, "Jua hili, bwana," anasema, jua gani, jua liko kwangu, yeye amesimama chini ya jiwe la handaki, kivulini, taa inawaka mkononi mwake na ukutani mbele yake kuna duara jeupe, nikiinama naliona kutoka hapa, naliona vizuri kabisa... lile shimo la kwanza, ngoja, lile la kwanza tairi lake liliruka kabla ya langu, nililiona linaruka, nikafurahi, nikasema moyoni vizuri, na la pili pia aliingia mzimamzima, nani ananuna mpaka anajitumbukiza shimoni mwenyewe... Bibi Fenya, Mungu wangu, mama yake Wally, miaka ile ya mwisho akipika supu ya borsht kwa harufu, akitumiminia chai huku ncha ya kidole iko ndani ya kikombe ili ajue kimejaa, macho yalikuwa yamemwisha, sote tulijua, Wally ndiye aliyekuwa akimshika kiwiko kumpeleka kwenye nyumba ya sala, na mimi asubuhi nimekichapa kidole hicho kofi... tangu lini, Wally, tangu masika, tangu mwaka jana, na ulinyamaza, uliona heri nivunjike nyonga kuliko kuniambia, nina hasira, nakuchukia kwa dakika hii moja, na naogopa, kesho yale malori, nikimwuliza sasa atasema miguu anayo, atacheka, atapanda baiskeli, atatangulia, kwa hiyo nisiulize, niseme nini basi, nasema lile ambalo hata kaka yake aliambiwa, "Wally. Mashimo mawili. Rudi nyuma," nalisema kwa ile sauti yetu ya klabu, ya utani, na asubuhi nzima nilitamani akubali kosa lake, sasa naomba abishe, aseme la pili lilikuwa jiwe, aniite bibi wewe, aniambie sijui kuendesha... anairudisha taa mahali pake, vidole vinapapasa usukani, vinatafuta kile kishikio, vinakikosa, vinakipata. "Sawa," anasema, "tangulia basi." Hakuuliza mashimo gani.