Akademi ya Barabara ya Arusha

Machame nzima ilijua kwamba Eunike hadanganyiki kwa habari ya ng'ombe. Kule, ukiwa na ng'ombe wawili na nafasi ya mmoja, yule wa pili unamfugisha jirani: yeye anapata maziwa na mbolea, ng'ombe anabaki wako, na ndama mnapokezana. Lakini kabla ya kumkabidhi, watu walimwomba Eunike akalikague banda la huyo jirani. Naye hakwenda kwa miadi. Alitokea alfajiri wakati mwenyewe hajanawa uso, akachungulia maji ya ng'ombe, akainua majani akayanusa, akapapasa mbavu. Akikaribishwa chai alikataa mpaka amalize kuangalia.

Sasa mwanamke huyohuyo, Januari mwaka 2003, alimkabidhi mwanawe Ebenezeri kwa shule ya binafsi yenye akademi ya mpira, huko chini kwenye barabara ya Arusha, na alichokikagua ni geti.

Tusimcheke sana. Geti lenyewe lilikuwa zuri. Ndani palikuwa na uwanja wa nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha bwana harusi, na mkurugenzi mwenye tai aliyesema kocha ni wa kimataifa, mawakala wa Ulaya wanakuja kila mwaka, na ada ya mpira ni mbali na ada ya masomo. Mtoto akavalishwa jezi palepale. Chai ikaletwa, na Eunike akanywa vikombe viwili. Akarudi nyumbani, akauza ng'ombe wake mkubwa. Jumapili, baada ya ibada, aliwaambia kina mama wa kwaya kwamba mtoto yuko akademi, kisha akawaambia tena wale waliokuwa wamesimama mbali.

Muhula wa pili ukakaribia, na barua ya shule ikaja kusema ada imepanda. Bandani alikuwa amebaki mtamba mmoja mwenye mimba ya miezi mitano. Mnunuzi, mzee Eliufoo, alikuwa amesema atakuja kumchukua Jumamosi. Mtamba akiondoka hakuna tena maziwa wala mbolea ya migomba, na kahawa wakati ule bei yake ilikuwa ya kutia aibu. Mumewe Elimringi, mpagazi, alikuwa amepanda mlimani na wageni. Kabla ya kuondoka alimwambia, "Amua wewe. Wa kukagua hapa ni wewe."

Alisema kwa nia njema kabisa, lakini maneno yale yalimnyima Eunike usingizi. Alihesabu mabanda yote aliyowahi kuyaingia kwa ajili ya ng'ombe wa watu. La mwanawe hakuwahi kuliingia bila kualikwa.

Alhamisi akavaa viatu vya kanisani akateremka bila kumuaga mtu. Saa kumi jioni, ambayo kwa mujibu wa karatasi ya shule ndiyo saa ya mazoezi, alilipita lile geti, akazunguka nyuma, akasimama kwenye ua wa michongoma.

Uwanja wenye nyasi ulikuwa umezungushiwa kamba, hauna mtu. Watoto walikuwa nyuma ya jiko, kwenye vumbi. Walikuwa kama sitini, na mipira ilikuwa miwili. Walizungushwa mbio mpaka wakachoka, kisha wakapangwa foleni kila mmoja apige mpira mara moja na kurudi nyuma. Eunike akaanza kuhesabu. Kwa saa nzima Ebenezeri aligusa mpira mara nne, na moja kati ya hizo ni pale alipotumwa kuutoa mtaroni.

Akaingia kwa mlango wa jikoni. Kijana mwenye filimbi akashtuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kocha yuko wapi?"

"Ndiye mimi, mama. Naitwa mwalimu Sylvanus. Nafundisha Jiografia."

"Na yule wa kimataifa?"

Sylvanus akaangalia filimbi yake. "Alikuja siku ya kupiga picha."

"Na zile nyasi?"

"Za wageni, mama. Sisi haturuhusiwi." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ningekuwa na mtoto, nisingemleta hapa. Lakini usinitaje."

Eunike aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na ugomvi na kijana huyu.

Ebenezeri akamwona, akaja mbio, vumbi mpaka kwenye kope. "Mama! Umefika saa ngapi? Leo mazoezi yalikuwa mazuri kweli. Kocha amesema nitaanza timu ya kwanza."

"Nimefika saa kumi," Eunike alisema. "Umegusa mpira mara nne."

Tabasamu la mtoto likabaki mdomoni bila kazi.

"Mko hivi tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Na zile barua ulizoniandikia? Umefunga mabao mawili, umesifiwa mbele ya shule, mnakula nyama Jumatano. Nilizisoma mbele za watu, Ebenezeri. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshauza ng'ombe, mama."

Eunike aliona aibu ambayo hajawahi kuiona. Alikuwa amemkasirikia mkurugenzi, na hasira hiyo ilikuwa halali yake, lakini sasa iliyeyuka, akabaki na uchungu mtupu. Mtoto wa miaka kumi na minne alikuwa ameuficha ujinga wa mama yake muhula mzima, peke yake, ili mama asiumie. Akamfuta vumbi usoni kwa ncha ya khanga, akamfuta tena pale palipokwisha kuwa safi.

"Kalete sanduku lako."

"Tunaenda likizo?"

"Tunaenda nyumbani. Utasoma kule kwetu."

"Leo?"

"Leo hii."

Ebenezeri alimtazama kidogo, kuhakikisha. Kisha akageuka, akairuka kamba ya uwanja, akapita katikati ya nyasi za wageni kwenda bwenini, na mwalimu Sylvanus hakupuliza filimbi. Mtoto alikimbia kwa kasi kuliko alivyokimbia jioni nzima.