Msamaha wa Mama na Picha Zilizokwama

Mwenye mtoto aliyeajiriwa na akae kitako asikie, maana huruma ya mzazi ina kisu ndani yake, na anayekatwa mara nyingi ni mtoto yule yule.

Palikuwa na mama mmoja mfua mashuka wa hospitali. Binti yake alisomea ufundi wa mtandao, akapata nafasi ya majaribio hospitalini hapo hapo. Basi mama akawa hapiti kwenye korido bila kupandisha mabega kwa fahari. Wenzake wa chumba cha kufulia walishamchoka.

"Shoga, leo binti yako kafanya nini tena?" mpiga pasi alimtania. "Karusha satelaiti?"

"Cheka tu. Wako hata redio inamshinda kuwasha."

Majaribio yakiwa ukingoni, binti alifunga ruta mpya, ile mashine inayopokea taarifa za jengo zima na kuzigawia njia. Hapo balaa likaanza. Picha za eksirei kutoka jengo la nyuma zikawa hazimfikii daktari. Ujumbe mfupi ulipita vizuri, lakini picha zilifika nusu au zilipotelea njiani. Wapiga picha wakawa wanabonyeza "tuma" tena na tena, na kila walivyobonyeza ndivyo njia ilivyozidi kuziba.

Maneno yakazagaa: mtoto wa mfua mashuka kaharibu. Mkuu wa mitambo, mzee mwenye shada la funguo kiunoni, ambaye kila mtu alimwita Bwana Funguo, akampa binti kauli ya mwisho: picha zisipopita hadi jioni, ruta ya zamani inarudishwa, wanaitwa mafundi wa nje, na ajira yake ndiyo basi tena.

Habari ilimkuta mama mikono imo kwenye povu. Moyo ukamlipuka. Hakumuuliza binti, hakungoja. Alijifuta kwa aproni, akapanda ngazi hadi ofisini.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba, mama. Sabuni imeisha?"

"Siyo sabuni, baba. Nimekuja kwa ajili ya yule binti. Umsamehe. Bado mtoto, amekosea, hatarudia."

Bwana Funguo akaweka kalamu chini. "Amekwambia mwenyewe kwamba amekosea?"

Mama akadhani huruma imeanza kuingia. "Eeh! Hata chakula hakishuki."

Ulimi hauna mfupa. Binti hakuwa amemwambia lolote, na asubuhi ile ile alikuwa amemaliza sahani.

"Basi jioni tunaingojea ya nini?" Bwana Funguo akasimama, funguo zikalia. "Kama amekiri, twende tukaing'oe hiyo ruta sasa hivi."

Mama akamfuata mbio, huku akisema "siyo hivyo, baba, siyo hivyo," lakini neno likishatoka halirudi mdomoni.

Chumba cha mitambo kilikuwa na baridi, na vitaa vya kijani vilipepesa ukutani. Binti alikaa sakafuni, kompyuta mapajani.

"Chomoa," akasema Bwana Funguo. "Mama yako ameniambia umekiri."

Binti akamtazama mama yake. Heri kofi kuliko jicho lile.

"Sijakiri kitu, mkuu. Angalia kwanza, ndipo uing'oe."

"Nimeona ya kutosha."

"Hili hujaliona."

Hakupaza sauti, wala haikutetemeka. Mama, pamoja na hofu yake yote, alihisi kifua kikijaa. Huyu ndiye aliyekuwa akifungiwa kamba za viatu?

Binti akapiga simu eksirei. "Kaka, nitumie picha moja tu." Kisha akageuza kioo cha kompyuta. "Picha hukatwa vipande vidogo ndipo isafiri. Hii ni hesabu ya vinavyoharibika."

Namba zikaanza kupanda mbio.

"Njia imejaa," akasema Bwana Funguo. "Tununue laini kubwa."

"Haijafika hata nusu, mkuu, tazama hapa. Barabara ni pana, ila madereva hawajakubaliana." Akaonyesha waya. "Huko mwisho kuna kisanduku kinachounganisha mashine za eksirei. Fundi wa zamani alikipanga, sawa na ruta ya zamani, kiwe kinasema na kusikiliza kwa wakati mmoja. Ruta mpya ilijaribu kupatana nacho, haikujibiwa, ikajipangia kusema kwa zamu. Sasa kila mara kisanduku kikianza kusema ruta nayo ikiwa inasema, ruta inadhani wamegongana. Inakatiza, inaanza upya, na vipande vya pande zote vinaharibika. Ujumbe mfupi unapenya. Picha ni maneno mengi, hapo ndipo vita."

"Kwa hiyo kosa si lako?"

Mama akakaza meno asijibu yeye.

"Nusu ni langu," binti akasema. "Nilifunga ruta bila kwenda kuangalia upande wa pili. Hilo nalibeba. Lakini ruta ni nzima. Niache nizifananishe pande zote mbili."

Bwana Funguo akazungusha funguo zake kidogo. "Haya, fanya."

Vidole vikachapa. Binti akaomba picha tena. Mbavu za mtu wasiyemjua zikajitokeza kwenye kioo, nyeupe, kamili, mpaka ubavu wa mwisho. Namba hazikusogea.

"Kaka, tuma zote zilizokwama!"

Zikaja zikifuatana, goti, bega, kifua, na namba zikabaki palepale.

Bwana Funguo akacheka peke yake. "Kesho njoo na kitambulisho tuandike mkataba. Na wewe mama, mashuka yako yanakusubiri."

Kwenye ngazi binti akamshika mkono. "Mama, ukitaka kuniombea, niombee kwa Mungu. Kwa bosi usinisemee."

"Nilikuogopea, mwanangu."

"Najua. Ungeniuliza kwanza."

Mama alikuwa na utetezi wa kutosha mdomoni. Akaumeza wote.

Chini ya ngazi wakapishana na daktari, anatweta. "Mama, si wewe mama yake fundi? Hebu nieleze, kulikuwa na nini?"

Siku nyingine yoyote mama angemweleza kuanzia siku ya kuzaliwa. Alipandisha mabega yake, akasogea pembeni.

"Muulize mwenyewe, daktari. Anajua kujieleza."