Omosa Akagua Kigari cha Tiara

Bonareri alifika Kebirigo saa tatu asubuhi na boksi lililofungwa kwa kamba ya katani, akaliteremsha mbele ya karakana ya Omosa na kumwomba alifungue yeye, maana aliogopa kuharibu kitu. Ndani mlikuwa na kigari cha magurudumu matatu, kiti cha turubai, na tiara kubwa ya kitambaa chekundu iliyokunjwa kama shuka. Mtu hukaa kitini, hushika kamba za tiara kwa mikono, hugeuza gurudumu la mbele kwa miguu, na upepo humvuta. Alikuwa amekinunua Kisii mjini, dukani kwa Hasmukh, kwa sababu hakikutaka petroli wala punda, na kwa sababu hakukuwa na cha bei ya chini zaidi. Ishan, mjukuu wa Hasmukh, alimweleza bila kumficha kwamba hicho ni cha kuchezea mchangani, na kwamba kabla mtu hajakipanda, fundi akikague.

Omosa alikuwa fundi wa kuchomelea, na watu walimheshimu na kumkwepa kwa sababu ileile moja. Aligonga kila kiungo kwa spana, akasikiliza, kisha akaandika hukumu kwenye kipande cha boksi na kutia sahihi. Wazee wa kanisa lake la Sabato walipomletea lango jipya alikague, aliandika "Litaanguka." Lilianguka siku ya Sabato, wakati wa sadaka, na tangu hapo hakuna mzee aliyemletea kitu.

"Ni cha nani?" aliuliza.

"Cha baba Nyanchera," Bonareri alisema. "Hiyo njia yetu imemshinda, fundi."

Baba Nyanchera ni Zachariah, mumewe, aliyeendesha lori la majani chai miaka ishirini na sita hadi figo zilipogoma. Kila Jumatatu na Alhamisi alipaswa kufika hospitali damu isafishwe. Kutoka nyumbani kwake hadi lami ya soko la Nyaramba kulikuwa na kilomita nne za tope, na vijana walikuwa wakimbeba mgongoni kwa zamu. Wawili walikwenda Nairobi kutafuta kazi, wa tatu akaumia kiuno. Wiki iliyopita alikosa siku moja, na Sabato ilipofika uso wake ulikuwa umevimba hadi waumini wakamkaribisha kama mgeni. Daktari alisema akikosa tena, wasimlaumu mtu.

Omosa alikikagua kigari hadi adhuhuri. Mabomba yake yalikuwa membamba kuliko mguu wa kiti cha harusi. Viungo vilikuwa na matundu yaliyozibwa kwa rangi, beringi zilicheza, nati zilifunguka kwa vidole, na uma wa gurudumu la mbele ulikuwa umeshikizwa kwa nukta tatu za moto, basi. Alipokikalia, kilibonyea katikati. Hakuweza hata kukitengeneza, kwa kuwa moto wake ungekitoboa. Aliandika: "Kigari hiki ni kibovu. Kitavunjika kwenye jiwe la kwanza."

Bonareri alisoma, akashukuru kwa moyo wote, akakibeba kwenda nacho nyumbani. Jumatatu ilikuwa kesho yake, naye hakuwa na kingine.

Jumatatu hiyo Omosa alifunga karakana, akachukua spana na waya, akaenda kumfuata Zachariah nyuma ili aokote vipande. Upepo ulitoka upande wa mashamba ya chai, tiara ikapanda, kigari kikaondoka. Kwenye kona ya kwanza, pale tope linapoanza, magurudumu yaliinuka kiasi cha shibiri moja juu ya matope na kuendelea.

Omosa aliinama akatazama chini yake, akaona tope. Miaka mitatu nyuma mkandarasi alikuja hapo, akapigilia vigingi, akakata utepe, akala mbuzi wa watu na kuondoka na mashine zake. Kwenye makaratasi barabara ilikwisha kujengwa zamani: lami, mitaro, daraja na matuta matatu. Kigari kilikuwa kikipita hapo. Mara tatu Zachariah alilegeza tiara na kupunguza mwendo.

"Matuta," alimweleza Omosa.

Mtoni alivuka hewani, mahali daraja lilipochorwa, huku Omosa akivuka chini maji yakimfika mapajani. Walipofika Nyaramba, Omosa aliyashika magurudumu. Yalikuwa na joto na chembe za lami mpya. Aligonga viungo, navyo vikalia vibaya vilevile.

Majirani nao walijaribu. Toroli lilizama, pikipiki ikazama, na mwalimu mmoja aliyekwenda kwa miguu akapoteza kiatu. Wakakubaliana kwamba barabara ina mtu wake, wakarudi kwenye kazi zao.

Zachariah hakukosa siku tena. Uso ulimrudia, akaanza hata kulalamikia chumvi. Kanisani alisimama akamshukuru Mungu, mkewe, Ishan, upepo na Omosa, na baada ya kufikiri kidogo, mkandarasi. Bonareri alimpelekea Omosa mkungu wa ndizi kila wiki. Omosa alizila kwa furaha, ingawa hakuwa amefanya lolote ila kusema kigari hakifai.

Mwezi wa tano wakaguzi walikuja, kwa sababu Esnah, jirani mjamzito, alikuwa ameandika barua kuuliza barabara yao iko wapi. Mhandisi Anyona, mtu wa mkandarasi, aliwatangulia hadi karakanani. Alikuwa mpole sana.

"Fundi, nimeskia wewe hudanganyi. Hicho kigari ni kizuri ama ni kibovu?"

Omosa alielewa upesi. Akisema ni kizuri, basi kimedumu kwa nguvu zake chenyewe. Wakaguzi watashuka waikanyage barabara, waone tope, na kuifuta kwenye makaratasi ili ijengwe ya kweli. Akisema ni kibovu, basi kitu kibovu hivyo hakiwezi kwenda miezi yote hiyo ila juu ya barabara nzuri. Aliomba siku mbili.

Bonareri alimjia jioni hiyohiyo.

"Fundi, wakiifuta, baba Nyanchera atapita juu ya nini?"

"Na Esnah je?"

"Esnah ni kama dada yangu," Bonareri alisema, akaanza kulia. "Usiniulize hiyo."

Asubuhi Omosa alipanda hadi kwao, akagonga kila kiungo cha kigari tena, akitumaini kwamba hata kimoja kimepata afya. Hakuna. Akaandika ukweli, jinsi alivyozoea. Alishukuru kwamba hakulazimika kusema uongo ili mtu aishi, na aliona aibu kwa sababu ya shukrani hiyo. Wakaguzi walisoma kipande cha boksi garini, vioo vimefungwa kwa sababu ya mvua, wakaandika kwamba barabara imekamilika na ni ya hali ya juu, wakaenda kula chakula cha mchana.

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi, uchungu ulimshika Esnah. Omosa alikuwa huko kukaza nati za Zachariah, kwa hiyo wakamhesabu kuwa mwanamume wa nne, wakamlaza Esnah juu ya mlango uliong'olewa na kuanza kuteremka. Katikati ya njia waliisikia tiara nyuma yao. Walijisogeza kando, kwa mazoea, na kigari kikawafikia juu, pale barabara ya makaratasi ilipoinuka hadi usawa wa mabega yao. Zachariah alisimama karibu na Esnah. Alitaka kushuka ampishe kiti. Alinyoosha mguu, akakuta mtaro uliochorwa, wenye kina, bila kivuko, akarudisha mguu.

"Pole, Esnah," alisema. "Huku ni kuzuri sana."

"Tangulia, omogaka, mzee wetu," Esnah alisema kwa pumzi moja. "Utachelewa damu."

Tiara ilishika upepo. "Mbuya mono, fundi!" Zachariah alimshukuru Omosa kutoka juu, na alimaanisha kabisa. Omosa alimwitikia, "Karibu," akahamishia mlango bega la pili, na wakaendelea, tope likiwafika magotini.